Msafiri Aliyeketi Mkekani

Kosa letu lilikuwa kuagana kabla ya viza. Watu waliozoea safari hushika kwanza pasipoti yenye mhuri, ndipo hutangaza. Sisi wa Ilemela, hapa Mwanza, katika nyumba zetu zilizojibana kati ya majabali, barua ya mwaliko ilipofika tu mama yangu aliichukua akaenda nayo kwenye jumuiya ya majirani Wakatoliki ya kila Alhamisi, na watu walipotawanyika baada ya sala mimi nilikuwa nimeshakwenda Ulaya. Kilichobaki ni kupanda treni.

Nafasi yenyewe ilikuwa ya kweli kabisa. Chuo kikuu kimoja huko Ulaya kilikuwa kikichukua kila mwaka wasomi wachache wanaoanza, wanaoshughulika na historia ya karne za kati. Kiliwapa chumba, posho, profesa wa kuwaongoza na, kubwa kuliko yote, ruhusa ya kuingia kwenye hifadhi yake ya nyaraka za kale. Sharti lilikuwa moja, kwamba isiwe imepita miaka mingi tangu upate shahada. Mimi nilibakiwa na mwaka ule na uliofuata, basi. Baada ya hapo nisingekuwa msomi anayeanza tena. Ningekuwa mwalimu wa sekondari anayejua Kilatini, yaani kichekesho.

Kilatini nilikipata seminari. Niliingia kule niwe padri, nikatoka na Kilatini peke yake; shahada ya historia nilikuja kuipata baadaye chuo kikuu. Mama yangu, Mhaya na Mkatoliki wa kuzaliwa, alikuwa ameshashona gauni la siku ya upadrisho wangu, na kwa miaka mingi gauni lile lilikaa sandukuni bila kuvaliwa. Ndiyo maana mwaliko ule ulikuwa mkubwa kwake kuliko hata kwangu. Kwa mara ya kwanza aliweza kuwaambia watu mwanawe alitoka na nini kule.

Aliyeniambukiza ugonjwa huu ni padri mzee wa Kizungu aliyetufundisha. Alinipa nakala ya kesi ya zamani mno, ya abasia moja, yaani makao ya watawa, iliyokuwa kando ya ziwa huko kwao. Watawa waliwashtaki wavuvi wa kijiji jirani kwamba nyavu zao zina matundu madogo na zinamaliza samaki wachanga. Wavuvi nao wakajibu kwamba watawa wamejifanya wenye ziwa. Nilisoma maneno ya mashahidi nikacheka peke yangu, kwa sababu ugomvi ule ule nilikuwa nikiusikia kila wiki mwaloni, kunakoshushwa samaki, ila huku kwetu hakuna aliyeuandika kwa Kilatini. Nakala iliishia kwenye ushahidi. Hukumu ilikuwa katika kurasa nyingine, na kurasa hizo zilikuwa kwenye hifadhi ya chuo kile. Padri alifariki bila kuziona.

Ningeweza kumweleza mtu yeyote mambo haya, lakini sikumweleza mtu. Miaka ile kila mmoja alikuwa anaambiwa ajiajiri. Kiwanda cha nguo kilikuwa kimepunguza watu, baba wa familia wakageuka wauza mitumba, na kazi iliyobaki ya kujivunia ilikuwa ya viwanda vya minofu ya sangara, ambayo ilipandishwa ndege hapo hapo Ilemela kwenda Ulaya. Katikati ya watu wanaohangaikia ugali, nani angesimama aseme anataka kujua watawa waliooza zamani waligombania nini? Nikiulizwa nimesomea nini, nilijibu "historia" halafu nikakohoa. Niliona haya, kama mtu mzima aliyekutwa anacheza kombolela.

Basi wakaniaga. Jumuiya ilininunulia koti la mitumba pale soko la Mlango Mmoja, zito, la sufu, refu kupita magoti. Nadhani muuzaji alishukuru Mungu kulitoa. Wakataka nilivae pale pale, saa nane mchana, jua limesimama juu ya mabati. Mwenyekiti wa jumuiya, mama wa Kisukuma aliyestaafu ualimu wa shule ya msingi, alinifunga vifungo mwenyewe mpaka shingoni, kisha akaongoza maombi marefu. Nilitoka jasho mpaka kwenye viatu. Mama naye alinikabidhi kahawa ya kutafuna, zile buni zilizochemshwa na viungo zikakaushwa, amezifunga kwenye jani la mgomba. Kwao mgeni hukaribishwa kwa buni hizo.

"Hizi ni za profesa," alisema. "Usizile njiani."

Dar es Salaam nilifika salama. Ubalozini, nyuma ya kioo cha dirisha, alikuwepo kijana wa Kizungu wa umri wangu. Alisoma karatasi zangu zote, tena kwa makini, halafu akaniuliza bila ukali wowote.

"Kilimo ningeelewa. Maji, ningeelewa. Lakini hili? Wewe wa Mwanza linakuhusu nini?"

Hilo ndilo swali nililolikimbia miaka yote. Jibu nilikuwa nalo, limekaa mdomoni. Nyuma yangu kulikuwa na benchi limejaa watu wenye safari za maana, wafanyabiashara, mama mwenye mtoto wa kwenda kupasuliwa moyo, na nikahisi wote wametega masikio. Nikasema, "Ni historia tu." Akangoja kidogo kama anayenipa nafasi ya kuendelea. Pasipoti ilirudi haina mhuri, na muhula ukaanza bila mimi.

Nilirudi na treni, koti mkononi. Kutoka stesheni sikwenda nyumbani, nilikwenda Kisesa kwa dada yangu, nikajificha huko nikifundisha tuisheni watoto wa jirani. Aliyeagwa akarudi ni kituko. Nilikuwa nikiona sura ninayoifahamu barabarani naingia dukani kuuliza bei ya kitu nisichokitaka. Mama hakutuma ujumbe. Alikuja mwenyewe, Alhamisi moja asubuhi, akala, akanywa chai, akasema, "Twende. Leo jumuiya iko kwangu, na viti havijapangwa."

Wa kwanza kunikuta napanga viti alikuwa jirani yetu, mkata minofu kiwandani, mtu wa mizaha hata msibani.

"Heh! Bwana msomi!" aliniita kutoka mlangoni. "Sangara wa juzi keshafika Ulaya, keshaliwa, wewe bado uko hapa? Au na wewe tukutoe mifupa?"

Nilicheka. Kwa kweli nilimshukuru, maana wengine wote walinisalimu kwa upole wa kutisha, kama wanaomsalimu mgonjwa. Hakuna aliyeuliza kitu. Viti havikutosha, nikakaa mkekani karibu na mlango, nikainamisha kichwa. Injili ikasomwa, watu wakatafakari, ikafika zamu ya nia za jumuiya. Mwenyekiti akawaombea wagonjwa, akawaombea waliopunguzwa kazini, halafu kwa sauti ile ile akasema:

"Tumwombee kijana wetu aliye safarini kwenda masomoni Ulaya. Afike salama, asome, arudi. Ee Bwana."

"Twakuomba utusikie," wakaitikia wote, na mkata minofu, na mama yangu, na mimi pia, kwa mazoea, kabla sijajua ninachokiitikia.

Nilidhani amesahau kwamba nimerudi. Alhamisi iliyofuata akanitaja tena, na iliyofuata tena, mimi nikiwa nimekaa hatua chache kutoka magotini pake. Sijawahi kuona aibu ya namna ile. Wageni wa jumuiya waligeuka huku na huku wakimhurumia msafiri wa watu, wasijue ni huyu anayewapitishia kitabu cha nyimbo. Masikio yaliniwaka kila zilipokaribia nia. Na nyumbani, fomu za kuomba tena mwaka wa pili, ambao kwangu ulikuwa wa mwisho, zilikuwa zimeshafika kwa posta na sikuzigusa. Kujaza ilikuwa ni kujipeleka tena kwenye dirisha lile.

Mwishowe nikachoka. Jumuiya ilikuwa kwetu tena, sala ilikuwa haijaanza, nikamwendea mwenyekiti mbele ya watu kwa sababu sikuweza kumpata peke yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, ng'wanawane, mwanangu."

"Naomba ile nia yangu iondolewe. Mimi sipo safarini. Nipo hapa."

Alinitazama juu ya miwani yake, macho ya mwalimu anayengoja mtoto amalize uongo.

"Nia ikishawekwa hatuitoi mpaka mwenyewe alete shukrani," alisema. "Ndivyo tunavyofanya hapa, wewe unajua. Hujaleta shukrani. Lakini tangu tuanze kukuombea hujatuambia unakwenda kufanya nini huko. Mama yako anasema Kilatini. Kilatini cha nini?"

Swali lile lile. Chumba kimejaa, na hapakuwa hata na kioo cha kujificha. Kwa hasira, naam, hasira ndiyo iliyonifungua mdomo, nikawaambia. Niliwaambia habari za ziwa, abasia, watawa na wavuvi. Niliwaambia juu ya shahidi mmoja mzee aliyeapa kwamba baba yake na babu yake walivua pale kabla ya watawa kujenga, na kwamba watawa wenyewe walikuwa wakinunua kwa siri samaki wale wale wachanga. Mtu mmoja akaguna. Mama alikuwa anazungusha kikapu cha buni za kutafuna, nikaona ni zile za profesa, nilizozirudisha bila kufungua. Mikono ikachota, midomo ikatafuna, na hakuna aliyenikatiza.

"Watawa nao!" alisema mama mmoja. "Kumbe nyavu za kokoro ni za zamani hivyo?"

Mkata minofu alikuwa amejisogeza mpaka ukingoni mwa kiti. Mizaha ilikuwa imemtoka usoni.

"Sasa ikawaje? Wavuvi walishinda, au walinyang'anywa ziwa?"

"Sijui," nikasema.

"Hujui vipi, wewe uliyesoma?"

"Hukumu iko kule. Kule nilikokuwa nakwenda. Hakuna nakala nyingine."

Buni zikasagwa polepole vinywani. Ndipo aibu ikanishuka upya, mbaya kuliko ya dirishani, mbaya kuliko ya koti. Watu hawa walikuwa wameniombea mwezi kwa mwezi bila kujua ninachokitafuta, na niliowaonea haya kuwaambia ndio hao sasa wanaitaka hukumu kuliko ninavyoitaka mimi. Nilitamani majabali ya Ilemela yanifunike.

Mwenyekiti alitema ganda la buni kiganjani, akavaa vizuri miwani yake.

"Hata tulipokuwa tunaomba kijumla tuliomba," alisema. "Leo angalau tunajua. Tusimame."

Tukasimama. Hakuanza na wagonjwa wala waliopunguzwa kazini. Alianza na mimi, akasema nifike, niisome ile hukumu, nirudi niwaambie nani alipewa ziwa. Ee Bwana. Mkata minofu aliitikia kwa sauti kubwa kuliko wote. Mimi nilichelewa kidogo, halafu nikaitikia, na baada ya Amina nikaingia ndani kutafuta kalamu.