Nilimuuzia Rafiki Yangu Gari Lisilo na Chuma cha Nyuma

Nilitoa chuma kwenye gari langu, nikarudishia bampa vizuri lisionekane lina kasoro, kisha nikamuuzia rafiki yangu. Ndilo kosa langu. Naliweka mbele kabisa ili usije ukanionea huruma kabla hujalijua.

Mimi ni mama wa watoto wawili. Nimekulia Karagwe, Tanzania, na sasa naishi Masaka, hapa Kigali. Nasimamia wafanya usafi kule uwanja wa ndege, Kanombe. Nilikuwa na gari dogo, la zamani, nalipenda. Mafuta yalipopanda bei, nikamsikia dereva mmoja akisema gari jepesi hunywa kidogo. Maneno yale yaliniingia.

Nikaanza na tairi la akiba na jeki. Nikatoa mazulia. Nikatoa siti ya nyuma, watoto wakawa wanakwenda shule kwa miguu na wenzao. Kila nikijaza tangi naona nimefika mbali kidogo kuliko mara iliyopita, na niseme ukweli, nilifurahi kama mtu anayejinyima chakula akiona nguo zinaanza kumlegea. Kazini walinicheka. Walisema siku moja nitaingia getini nimeshika usukani peke yake. Nami nikacheka nao.

Nilipaswa kuishia hapo.

Ndani ya bampa la nyuma kuna chuma kipana kinachotoka upande mmoja hadi wa pili. Hukioni mpaka bampa lifunguliwe. Nilikwenda kwa fundi wangu wa Remera nikamwambia akitoe. Akajifuta mikono, akanitazama.

"Mama, hiyo iko pale ya kukulinda. Mtu akikugonga nyuma, yenyewe ndiyo inapokea. Mimi siitoi."

Nikaona ananibania tu. Nikaenda kwa mwingine, karibu na nyumbani, ambaye hakuniuliza kitu. Chuma kikatoka, bampa likarudi mahali pake, na wanunuzi wa vyuma chakavu wakakichukua siku hiyohiyo.

Miezi michache baadaye nikapata kiwanja cha kununua, nikaamua kuliuza gari. Aliyelitaka ni mwenzangu wa kazini. Nitamwita Esperansi, si jina lake. Amekulia Bujumbura, anaishi na mama yake mzee ambaye lazima aende kliniki ya presha kila mwezi. Kumpandisha mzee yule kwenye pikipiki ilikuwa haiwezekani tena. Ndiyo maana alitaka gari.

Nikarudisha siti, mazulia, tairi na jeki. Chuma sikuwa nacho. Ningeweza kutafuta kingine kwa wauza spea, lakini nilijiambia bampa lipo, nani atajua.

Siku ya kulichukua, Esperansi alilizunguka gari, akafungua na kufunga milango, akasema, "Dada, mimi gari siijui. Nakuamini wewe. Kuna kitu kimetoka, kuna kitu kibovu, nijue?"

Nikamwambia, "Hakuna. Iko sawa."

Nikampa na karatasi ya ukaguzi. Ilikuwa halali kabisa. Sikumwambia kwamba chuma kilitoka baada ya ukaguzi ule.

Haukupita muda mrefu. Walikuwa wanatoka kliniki mchana, mama amekaa nyuma. Pale Remera magari yakasimama, Esperansi akasimama, na kilori kilichokuwa nyuma yao kikachelewa kufunga breki. Kilikuwa kinakwenda polepole. Esperansi hakuchubuka hata kidole. Lakini nyuma ya gari iliingia ndani mpaka kwenye siti, na siti ikambana mama. Nyonga ikavunjika.

Nilimkuta Esperansi kwenye benchi la hospitali, amekumbatia viatu vya mama yake. Akawa anarudia neno moja tu: "Ni mimi. Nilisimama ghafla. Ni mimi."

Nilikaa karibu naye nikampapasa mgongo.

Wiki iliyofuata akanifuata kazini, akanivuta pembeni. "Dada, fundi amefungua bampa. Kuna chuma ya ndani, haimo. Anasema ingekuwepo, Mama asingeumia vile." Kisha akanishika mkono. "Wewe uliniambia hakuna kilichotoka, basi ni yule aliyekuuzia wewe, alikuibia. Na wewe umeendesha hivyo siku zote, na watoto. Pole sana."

Alinipa pole. Mimi! Na mimi nikaipokea.

Nilipokwenda kumwona mama wodini, aliuweka mkono wangu shavuni kwake akasema, "Imana ishimwe, Mungu ashukuriwe, ajali haikukupata wewe, mwanangu. Mimi nimeshazeeka, wewe bado una watoto wa kulea." Niliaga haraka nikatoka. Lakini nilirudi kesho yake na uji, na keshokutwa na matunda, na watu wakasema Esperansi ana rafiki wa kweli. Kila waliponisifu nilizidi kuogopa kusema.

Nilivumilia miezi minne. Esperansi alikuwa ameacha kabisa kuendesha. Hata akipanda gari la mtu, alifumba macho kila breki inapokanyagwa. Nikaona nimemwachia mzigo usio wake.

Jumapili moja baada ya misa nikaenda kwao. Alikuwa uani anaanika mashuka ya mama yake. Nikamwambia nikiwa nimesimama, maana nilijua nikikaa nitaghairi. Nilimwambia kuhusu fundi aliyekataa, kuhusu yule wa pili, kuhusu karatasi. Nikamwambia nitamrudishia pesa yake yote.

Hakupiga kelele. Alimalizia kutandaza shuka kwenye kamba, akalinyoosha pembe zote mbili.

"Nililala nikijua nimemvunja mama yangu," akasema. "Na wewe ulikuwa unakaa pale pembeni yangu."

Kutoka ndani mama akaita, "Nani huyo? Mpe chai."

Esperansi akajibu bila kunitazama, "Anaondoka, Mama."

Nikaondoka. Pesa niliyomtumia alinirudishia kupitia mtu mwingine, nikaituma tena, ikarudi tena. Ameomba kuhamishiwa zamu nyingine. Mama anatembea kwa magongo na bado ananitumia salamu, kwa hiyo najua hajaambiwa. Sijui kama Esperansi anamlinda mama yake au ananilinda mimi, na sina uso wa kumuuliza.

Wewe unayesoma, kama umetoa kitu kwenye gari lako, kirudishe kabla hujampakia mtu. Kama huwezi kukirudisha, basi anayelinunua mwambie, hata kama ataghairi. Na kama umeshauza ukanyamaza, usingoje kama nilivyongoja mimi. Mtafute leo, kabla hajawasha gari.