Legeza Kabla ya Kukata

Ipo Alhamisi moja, mwanangu, ambayo hata nikizeeka haitanitoka kichwani. Usicheke kwamba nakuita mwanangu na bado sijafika miaka thelathini na mitano. Wewe ni mtoto wa dada yangu, na kwetu mjomba ni mzazi hata kama ndevu zake ni chache kuliko zako. Nimesikia umepata gari na unataka kulishusha likaribie lami. Sikukatazi. Kaa kidogo nikueleze yaliyonipata mimi.

Nilikuwa nimetoka chuoni na shahada ya uhandisi, na mdomo mrefu kuliko shahada yenyewe. Nilitilia shaka kila kitu. Nyanya yako, yaani mama yangu, akiomba kabla ya chakula, nilimuuliza ushahidi uko wapi. Alinijibu mara moja tu, "Kula, ugali unapoa," akaendelea kuomba.

Wakati huo nyumbani Kitale nilikuwa na kigari cha spoti, chekundu, cha viti viwili. Nyanya yako alikuwa ameumia mgongo akivuna mahindi shambani kule Kwanza, na daktari alimwonya asirushwerushwe barabarani. Dada yake mkubwa alikuwa mgonjwa Bumula, na hawakuwa wameonana kwa miaka miwili. Nikamwahidi kwamba Jumamosi nitampeleka mimi. Shoki za kigari, zile za kupunguza mtikisiko, zilikuwa zimekufa, kwa hivyo nikanunua mpya pamoja na springi fupi, kikae chini na kitulie.

Nilimwendea kwanza Mzee Swaleh, fundi mwenye gereji nyuma ya msikiti, anifungie. Akasema sawa, kisha akaongeza, "Siku ya kukaza bolti za mwisho, kuja na yule mtapanda naye." Nilicheka, mwanangu. Nilicheka mbele yake. Nikarudi nyumbani nikimwambia mama ati mzee anataka nimlete gereji kama mtoto wa chekechea anayepelekwa na mzazi. Nikaamua kuifanya kazi mwenyewe.

Nikakiinua kigari kwa jeki uani, nikakikalisha juu ya magogo, magurudumu yote yakining'inia. Nikatoa springi za zamani, nikaweka mpya, nikakaza kila bolti mpaka mishipa ikanitoka. Nikakishusha. Hakikushuka. Kilisimama kimevimba kama kuku aliyekataa kulalia mayai, upande wa kushoto juu zaidi. Nikakipeleka hadi Kiminini na kurudi, na kila shimo kiliruka kama mbuzi. Nikahukumu kwamba springi ni ndefu. Nikaazima grenda ya kukatia chuma kwa jirani, niukate mzunguko mmoja wa springi.

Alhamisi hiyo ndipo Mzee Swaleh aliponikuta uani nikiwa nimeshaishika grenda. Alikuwa akitoka kuswali adhuhuri, na njia yake ilipita langoni kwetu. Mama alikuwa amekaa mlangoni akichambua maharagwe.

"Injinia," aliniita, "hiyo springi imekukosea nini?"

"Ni ndefu, Mzee."

Aliinama kwa shida ya magoti yake, akaingiza mkono nyuma ya gurudumu, akagusa bolti moja kwa kidole. Hakuangalia hata. "Ulifunga hizi miguu ya gari ikiwa hewani."

"Ndiyo. Kwani kuna tofauti?"

"Katikati ya hizi vyuma kuna bushi za mpira. Mpira unashika pale ulifungiwa. Wewe umefungia hewani, sasa unavuta gari irudi hewani. Springi haina makosa. Ukikata, siku gurudumu likiingia shimo kubwa, hiyo kipande itachomoka kwa kiti yake." Akatazama mlangoni. "Na siku hiyo nani atakuwa amekaa ndani?"

Niliiweka grenda chini. Safari hii, mwanangu, nilimwita mama mwenyewe, aache maharagwe apande.

Tulikwenda polepole hadi gereji, mzee akitembea mbele yetu kama anayeongoza ng'ombe. Aliniambia niegeshe juu ya shimo la fundi kusimama chini ya gari, nisitoke kwenye usukani. Mama naye akabaki kitini pembeni yangu.

"Mama, unasafiri na huo mkoba?" mzee akauliza kutoka shimoni.

"Ndiyo. Na kilo mbili za sukari."

"Basi weka kwa mapaja, mpira ushike na uzito wote wa safari. Na usinyamaze, ongea tu, ndio usijikaze."

"Sasa mimi niongee nini na mtu ako chini ya ardhi?" mama akasema, na tukacheka wote watatu.

Mzee akalegeza bolti ya kwanza. Hakukutokea kitu. Ya pili, ya tatu. Alipofika ya nne nikasikia sauti kama mtu anayeshusha pumzi baada ya kutua mzigo, na gari zima likaenda chini. Si kwa kishindo. Lilizama taratibu, nikauona mstari wa ukuta ulio mbele yangu ukipanda kwenye kioo, mpaka likatulia. Mama akanishika mkono. Hakuna aliyesukuma wala aliyekata. Springi zilezile nilizozihukumu zilikuwa zimesubiri tu kuachiliwa.

Nilikaa pale nikikumbuka darasa. Ule mpira na namna unavyojipinda niliusoma, nikaujibia mtihani, nikapasi. Ajabu ni kwamba mzee, ambaye hakuwahi kuikokotoa hesabu ile, aliijua kwa kidole, na mimi mwenye hesabu sikuitambua ilipokuwa mkononi mwangu.

Alipomaliza kukaza nilishuka shimoni kumsaidia kukusanya spana. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. "Mzee, mbona hukunieleza haya siku ile?"

"Uliuliza?" Alifuta mikono kwa kitambaa. "Si ulicheka."

Jumamosi tulipita Kimilili nyanya yako akiwa amelala, mgongo haumsumbui, mkoba mapajani. Bumula, dada yake alitolewa nje akiwa ameshikwa pande mbili. Alikitazama kigari akasema, "Umekuja na hii kikopo?" Kisha wakakumbatiana.

Basi nasaha yangu ni hii. Endelea kuuliza, mwanangu, kwa maana kuuliza si ujinga, na mimi mwenyewe sijaacha. Lakini ukishauliza, baki usikie jibu. Mengi niliyoyaita maswali wakati ule yalikuwa kicheko tu. Na kitu kikikataa kukaa unavyotaka, liwe gari, awe rafiki, awe hata baba yako ambaye najua hamwelewani, usikimbilie kukata. Rudi kwanza pale ulipokaza kwa mkono wako mwenyewe. Legeza, acha uzito ukae mahali pake, kisha ukaze tena.

Mungu wa nyanya yako, ambaye bado namuuliza mengi, akulinde barabarani. Akupe watu wa kuwabeba, na akufikishe nao wakiwa wamelala.