Albamu ya Tatu Sikuitaja

Mabinti wawili wa marehemu kaka yangu walinijia Ilembo, wamenogewa na mpiga gitaa mkongwe wa jazi na fanki.

"Shangazi, tuanze na albamu ipi?"

Nikawaambia waanze na ya kwanza, kisha ya pili. Ya tatu sikuitaja. Waliipata wenyewe.

Jumapili, tukitoka misa, mkubwa akaniuliza, "Mbona ulituficha iliyo nzuri kuliko zote? Nani anapuliza saksafoni?"

"Baba yenu. Alipuliza nyimbo zote, na yule mpiga gitaa hakumwandika jina kwenye jalada."

Mdogo akafungua jalada kwenye simu, akasoma majina mara mbili. Akaifuta albamu. Sikumzuia, na hilo linaniuma mpaka leo, maana zaidi ya saksafoni ile hatuna sauti nyingine ya baba yao.