Karatasi ya Dada

Dada yangu wa tumbo moja anaishi Kinshasa, na mpaka mwaka juzi nilikuwa sijapata kumwona. Mama alimzaa katika mji wa Kasongo, mashariki ya Kongo, kwa mume wake wa kwanza, Mkongo. Baadaye aliolewa na baba yangu, Mwomani aliyezaliwa huko huko, akaletwa Maskati. Mtoto akabaki kwa bibi yake mzaa baba, kwa sababu kwetu mtoto ni wa baba, na babake hakuwa wa kwetu. Wala halikujadiliwa.

Wakati huo mama alishaanza kuugua figo, na kila nikienda kwake Sib, nje kidogo ya Maskati, wimbo ulikuwa mmoja: "Nnataka nimuone mwanangu kabla sijafa. Wewe si mtu wa serikali? Huna la kufanya?" Nilijaribu. Viza ya jamaa ilitaka cheti cha kuzaliwa, na vyeti vya kule viliteketea vitani. Nikarudishwa mara tatu. Mwishowe wakala mmoja wa Wadi Kabir akanionyesha njia: mwandike mtumishi wa nyumbani, wiki moja viza inatoka. Nikamwandika. Nilikuwa nimechoka, nikajiambia karatasi ni karatasi tu.

Ilibaki sahihi ya dada kwenye karatasi ya mkataba. Nikapanda ndege.

Mimi nimelelewa kwa Kiswahili, nikadhani Kongo nitakuwa nyumbani. Kumbe Kinshasa ni Kilingala, na kwao Kiswahili ni lugha ya mashariki, ya kwenye vita. Dereva alinitazama kwenye kioo kwa mashaka tangu nilipomsalimia. Na mji wenyewe hauishi! Masaa manne ndani ya teksi, lori limepinduka katikati ya barabara, askari mmoja anataka pasipoti, wa pili anataka kujua kwa nini wa kwanza kaniachia. Nilitukana kwa Kiarabu mpaka koo likakauka.

Dada ni mwalimu wa shule ya msingi. Ana paji la uso la mama, lile lile. Alinikumbatia akalia, nami nikalia. Kisha, kwa pupa yangu ya siku zote, nikamtolea karatasi na kalamu hata chai haijamiminwa. Ilikuwa na tafsiri ya Kifaransa. Akavaa miwani, akasoma polepole mpaka chini.

"Hapa wameandika mimi ni boyi. Mtumishi wa nyumba yenu."

"Ni njia tu ya kupitia, dada. Ukishafika..."

"Mpigie mama."

Nikampigia. Mama alipouona uso wake kwenye simu, akalia kwa sauti. Dada alimwacha amalize.

"Mama, wageni wakikuja hapo kwako, utawaambia mimi ni nani?"

Majirani wa Sib hawajui kwamba mama aliwahi kuolewa kabla ya baba. Sisi wenyewe tuliambiwa tukiwa watu wazima, na tukaonywa tusiseme. Niliona aibu iliyonipanda mpaka masikioni, na bado nikangoja mama aniokoe, maana hajapata kukosa jibu. Alitazama pembeni, akajifuta macho kwa ncha ya leso.

"Njoo kwanza, mwanangu," akasema. "We njoo tu."

Dada alikunja karatasi, akanirudishia bila sahihi, akaniuliza kama nimekula.