Nilivyopata kitabu cha compiler kwa Python hapa Joburg

Wakuu, habari za mihangaiko. Haya yamenikuta mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Mimi elimu yangu ni Form Four, umri ni arobaini na kitu. Nimezunguka sana: Tanga, Beira, Harare, sasa nalinda geti Sandton, mtaa wa matajiri hapa Joburg. Tanga naikumbuka kila siku.

Binti yangu Neema, mama yake Mzulu, anapenda mambo ya code, kuandika programu za kompyuta. Kiswahili anakisikia vizuri, ila ukimsemesha anajibu Kiingereza. Inaniuma.

Nikawaza: nikimtengenezea lugha ndogo ya kompyuta yenye amri za Kiswahili, si atalazimika kukiandika?

Hapo unahitaji compiler, yaani programu ya kutafsiri code mpaka kompyuta iielewe. Mimi najua Python tu, tena ya kujifundisha kwenye simu. PDF zote nilizopata ni za lugha nyingine, C, au zimejaa alama za hesabu kuanzia ukurasa wa kwanza.

Eish.

Nikaenda Marshalltown, katikati ya jiji, kwa Mama Béa, Mkongo anayeuza vitabu vya mtumba pale barabarani. Ana utaratibu wake: hakuuzii mpaka ukae kwenye kreti usome mbele yake.

Nikachagua kitabu kinene kuliko vyote. Nikawa nafunua, natikisa kichwa kama profesa.

Akanipokonya. "Papa, kichwa inatembea, macho imesimama. Rudisha."

"Mama, kwani wewe unajua compiler?"

"Sijue. Lakini sura ya mutu haelewe, hiyo naijua."

Wateja wakacheka, nami nikacheka.

Nikachimba tena kwenye lundo. Nikapata chembamba, jalada limetoka, mifano yote Python. Sura ya kwanza tu unatengeneza kikokotoo. Nikazama mpaka jua likanifikia shingoni.

"Sasa lipa, Papa, kreti yangu si hoteli."

Nilikisoma kila siku ya off. Lugha ikakubali: andika, kama, rudia. Nikamkalisha Neema kwenye laptop, nikaenda kupika ugali.

Mara nasikia: "Baba! Njoo! Nimeiambia irudie mara tatu, inarudia tu, haitaki kuacha!"

Kiswahili kitupu, wakuu. Kosa lilikuwa langu kwenye code, lakini sikukimbilia kulirekebisha. Nilisimama pale na mwiko nikimsikiliza analalamika.

Nilichojifunza: kitabu chagua kwa lugha ya programu unayoijua tayari, unene usikutishe wala usikuvutie. Kaa usome kabla ya kulipa.

Mwenye kitabu kizuri kuhusu error messages, yale maneno kompyuta inayotoa ukikosea, anitajie hapo chini. Neema anazitaka kwa Kiswahili.