Ng'ombe wa Nyemo Juu ya Tembe

Nikisikia harufu ya udongo mbichi wa mfinyanzi, kwangu tayari ni Krismasi. Kijijini kwetu, upande wa Mvumi, Desemba ndio mwezi wa kutazama mawingu, na mwaka ule yalikuwa yanatupita tu kama watu tuliogombana nao. Uwele haujapandwa, ghala linapungua, Baba akatangaza mapema kwamba nguo mpya tuzisahau. Kila mtoto amtengenezee mwenzake zawadi kwa mikono yake. Mimi nilipangiwa Nyemo, mdogo wangu wa miaka minne, na kwa domo langu nikamwahidi kundi zima la ng'ombe. Ahadi ni deni, na Nyemo hakuwa mtu wa kusahau. Kila asubuhi, hata uso hajanawa, aliniuliza ng'ombe wake wamefika wapi.

Basi nikashuka korongoni, nikafukua mchanga pale akina mama walipochota maji, mpaka nikaukuta udongo mweusi unaonata. Nikafinyanga nimejificha nyuma ya zizi: madume yenye nundu, majike, ndama wenye masikio makubwa kuliko vichwa. Pembe nilichomeka miiba ya mgunga. Lo, niliringa! Nikawapanga juu ya tembe letu, kwenye lile paa bapa la udongo tulipoanika karanga na mlenda, wakauke mahali ambapo Nyemo hafiki. Nani angewaza mvua? Tulishaiombea kanisani hadi tukachoka.

Jioni ya mkesha mvua ikaja, tena ikaja yote kwa mkupuo. Mama alitoka uani akipiga vigelegele, majirani wakaitikia, Baba akasimama katikati ya mvua na shati lake la kanisani, anacheka peke yake. Mimi nikaangua kilio. Mama akanishika bega. "Wewe! Mgogo mzima unalia mvua ikinyesha? Unataka watu watusikie?" Nikamwonyesha paa. Mvua ilipokatika alipanda mwenyewe, akashuka na beseni la tope na miiba. Akalitazama, akanitazama, akacheka hadi akakaa chini. "Maji yakimwagika hayazoleki," akasema, "lakini matope, mwanangu, nimeyazoa."

Asubuhi nilimpa Nyemo lile beseni huku nimeinamisha kichwa. Alitumbukiza mikono yote miwili hadi viwikoni. "Dada, udongo wote huu wangu?" Nikasema wote. Jamani, alivyoruka! Kanisani alikwenda na gauni lenye viganja vya tope, na mchana, wakubwa walipokuwa shambani wanapanda, maana mvua haingoji sikukuu, sisi tulikaa mlangoni tunafinyanga. Ng'ombe wake wa kwanza alifanana na kiazi. Tulimpa jina na kumchunga hadi jua likazama. Sijapata kufurahi vile.

Siku hizi naishi Msalato, karibu na mji, na maduka ya vitu vya watoto yamejaa. Mwaka jana mwanangu wa mwisho alifungua boksi la gari la betri, akaligeuza chini juu, akauliza, "Mama, ndiyo hii tu?" Iliniuma, ingawa simlaumu, gari lile lilifika limekwisha tengenezwa, halikumwachia kazi yoyote. Juzi nilimpigia simu Nyemo, ambaye sasa naye ana watoto wawili. Anakuja Krismasi hii. Nikamuuliza tuwaandalie nini hawa wa kwetu. Hakufikiri hata kidogo.

"Waambie wavae nguo za zamani," akasema.