Moshi wa Kahaso

Mtu akitaka kulala juu ya Mwangea, aamke alione jua likichomoza baharini, huelekezwa kwa Sanga. Wageni hutoka Malindi, Kilifi na hata Nairobi wakiwa na viatu vizito vya kupandia milima, na Sanga huwatangulia kwa makubadhi yake ya tairi, mgongoni kabeba mahema na sufuria. Wabishi husema kile ni kilima tu, si mlima. Husema hayo wakiwa chini. Wakishafika penye mawe yanayoteleza, hawana tena pumzi ya kubishana.

Kazi hiyo ameifanya tangu binti yake Kache akiwa wa kubebwa mgongoni, na leo Kache ana mtoto wake mwenyewe. Ulimi Sanga anao, tena mtamu. Ana maneno yake ya kileleni aliyoyapanga yakapangika: bahari ile pale, Malindi kule, na huku ndiko mto Sabaki unakomwaga udongo wake mwekundu. Wageni huguna kwa mshangao, wakapiga picha.

Aliyewakaangia wageni hao mihogo ya kuanzia safari, na kuyafua mahema yakirudi yananuka jasho, ni mkewe, Kahaso. Na Kahaso alikuwa na ombi moja tu. Alitaka naye siku moja apandishwe, alale kwenye hema alilolifua kwa mikono yake, asubuhi aione bahari kutoka juu. Kwa karibu alishaiona, pale Mnarani, siku waliyokwenda kumtazama mgonjwa. Sasa alitaka kuiona yote.

Sanga alikuwa na jibu lake tayari. Kwao nyumba haiachwi ikalala bila mwenyewe. Moto uzimike jikoni, mbuzi walale bila mtu wa kuwasikia, hilo halikubaliki. Mume akiwa safarini, mke yupo. Ni mila, na hakuna anayeidharau. Lakini mila haikumkataza mtu kumwomba ndugu aje kumwangalizia nyumba, na ndugu Sanga alikuwa nao tele, wengine hawana hata shughuli. Ukweli ni kwamba mila ile ilimfaa. Kila alipoombwa aliitoa, kama mtu anayetoa kitambulisho kwa askari, na mazungumzo yakaishia hapo.

Siku alizokuwa na moyo mwepesi alisema, wageni wakipungua. Wageni wakipungua, mvua. Mvua ikikatika, palizi. Mahindi yakishaingia ghalani, wageni hao wamerudi.

Kisha macho ya Kahaso yakaanza kuingia ukungu pembeni. Wote walilaumu moshi wa kuni, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza. Walipokwenda hospitali, daktari akawaambia ni presha ya macho, imekaa muda mrefu, na uoni uliokwisha kupotea haurudi. Sanga alikaa kwenye benchi la nje akaona haya hata kumshika mkono mkewe.

Kahaso alipobakiwa na mwanga wa kutofautisha mchana na usiku tu, ndipo Sanga alipompigia Kache simu aje alale nyumbani. Simu moja tu, na Kache akaja na mtoto wake. Rahisi hivyo. Kahaso alikataa mwanzoni, akauliza anakwenda kuona nini. Sanga alimsihi mpaka akakubali, pengine kwa kumwonea huruma.

Walipanda taratibu, kila mmoja ameshika ncha yake ya fimbo. Njia ambayo wageni huimaliza asubuhi, wao iliwamalizia mchana mzima. Sanga alimpigia hema, akamtandikia, akasonga ugali kwa mkono wake. Ulitoka mbichi, wakaula hivyo hivyo.

Kulipopambazuka alimtoa nje, akamkalisha juu ya jiwe uso ukiwa mashariki, akaanza maneno yake. Bahari ile pale. Malindi kule.

“Hayo nayajua, Baba Kache,” alisema Kahaso. “Ulikuwa wayafanyia mazoezi uani nami nasonga sima.”

Hakusema kwa ubaya. Kisha akauliza nyumba yao iko upande upi. Ilibidi Sanga alizunguke jiwe ndipo ajue. Nyumba ilikuwa magharibi, nyuma ya migongo yao, upande ambao wageni hawautazami. Yeye pia hakuwahi kuutazama asubuhi, kwa kuwa hakuna aliyemlipa autazame.

“Moshi waonekana?”

Kweli ulikuwepo, mweupe, mnene, umesimama wima juu ya miti.

“Waonekana.”

Kahaso alitabasamu. Kumbe alikuwa amemwagiza Kache kwamba akiamka tu awashe moto uani, autie majani mabichi, ili walio mlimani wajue nyumbani wameamka salama. Ndivyo mama mzazi wa Kahaso alivyokuwa akifanya zamani, baba yake akilala huku na ng'ombe.

“Nami nilikuwa nakuwashia wewe,” alisema. “Kila ulipolala huku. Ulikuwa wauona?”

Sanga angeweza kusema ndiyo. Ulimi wake ulishawaridhisha watu wengi asiowajua hata majina, na neno moja hili lisingemshinda. Lakini lilimshinda.

“Sikuuona,” alisema. “Sikuwahi kugeuka.”

Kahaso alipapasa jiwe, akajigeuza polepole mpaka uso wake ukaelekea nyumbani, akauliza kama moshi bado upo. Sanga akaketi kando yake, bahari ikiwaka nyuma yao, akaanza kumweleza moshi ule: unavyopanda, upepo unavyoupinda kuelekea zizini, unavyopungua. Maneno hayo hakuwa ameyapanga, na mengi yalimkwama. Machozi yalikuwa yakimtoka, akashukuru kimoyomoyo kwamba mkewe haoni. Kisha akajichukia kwa shukrani ile.